Vigae Juu, Karatasi Chini

Binti aliyeketi nyuma yao kwenye basi hakukusudia kusikiliza, ila wanaume wale wawili walikuwa na sauti za mnadani. Mmoja alikuwa dereva wa foklifti, mwenzake mtunza stoo, tena shemeji yake.

"Mguu wa rafu umepinda kama ndizi, na wewe umerundika vigae juu kabisa!" dereva alifoka. "Mzigo mzito unakaa chini, shemeji. Hata panya wa stoo wanajua."

"Chini nimeweka karatasi za chooni, ndizo zinazotoka kutwa. Unataka nipande ngazi kila mteja akibanwa? Na huo mguu, aliyeugonga kwa foklifti ni mimi?"

"Nikakwambia tushushe mzigo, wewe ukaenda kuuficha huo mguu kwa bango la Usalama Kwanza!"

"Si limekaa vizuri?"

Binti alijiziba mdomo asicheke.

"Na rafu ikianguka?"

"Imwangukie nani? Pale chini kuna meza tu, ya karani mpya. Anaanza leo."

Basi likasimama, wakashuka wakizozana. Binti alibaki ameganda kitini, viatu vipya miguuni.

"Dada," kondakta akamwita, "si ulisema unashukia hapa stoo?"