Kigoda cha Mama Jovina na Sindano ya Grisi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mama Jovina Kokugonza, mtaalamu wetu wa tiba ya viungo, anastaafu. Nilipoombwa kumwandikia katika jarida la watumishi nilikubali kabla sijamaliza kusikiliza. Mtu aliyeolewa mwezi wa nne hukubali kila kitu, lakini hili ningelikubali hata kama ningekuwa na huzuni.

Mama Jovina ni mzaliwa wa Muleba, nchi ya migomba. Alipopangiwa Kyela, ndugu zake walimwambia mkoa wa Mbeya una baridi kali, akaja na masweta ya sufu begi zima. Kumbe waliomshauri walikuwa wanaifikiria Tukuyu. Joto la ziwa lilimpokea pale pale alipotelemka kwenye basi, na masweta yale yakaishia kuwa mito ya kuwekea magoti ya wagonjwa. Ndizi zetu nazo alizisema sana, mpaka alipopikiwa mbalaga, mapishi yetu ya ndizi, huko Ikolo. Hajazisema tena.

Alianza na kitanda kimoja kwenye korido ya hospitali. Leo tunacho chumba cha mazoezi, na kina mama wa Mwaya na Makwale wana vikundi vyao vya kunyoosha miguu baada ya kupandikiza mpunga, alivyovianzisha yeye kwa baiskeli yake mwenyewe.

Lakini kinachomtambulisha zaidi ni kigoda chake. Mwanzoni, alikuwa akiwauliza wagonjwa wanaendeleaje, nao wanajibu, “Ndaga.” Mgeni wa watu akaelewa kwamba wamepona, akaandika nafuu kwa kila mmoja. Kisha siku moja sokoni akamkuta mmoja wa waliopona akiinuliwa mkekani na watu wawili. Ndipo akaeleweshwa kwamba ndaga ni asante, na kwamba Mnyakyusa anaweza kukushukuru kwa moyo wote huku goti linawaka moto. Akanunua kigoda kifupi cha mbao. Tangu hapo haishii kwenye kuuliza. Anakukalisha, anakutazama ukiinuka.

Kigoda hicho ndicho kilichomfikia mama mkwe wangu, Mama Tulinagwe wa Makwale.

Magoti ya Mama Tulinagwe yalikuwa yamesagika. Mwaka jana alichomwa ile sindano ya ute wa kulainisha goti ambayo huku, kwa sababu ya baiskeli zetu, tunaiita sindano ya grisi. Daktari alimwelekeza afanye na mazoezi. Mama alichukua grisi, mazoezi akayaacha pale pale, maana nani amewahi kuona baiskeli iliyopakwa grisi ikifanyishwa mazoezi? Aliporudi kuangaliwa akasema ndaga fijo, yaani asante sana, ikaandikwa kwamba imemsaidia.

Mimi nikiwa mapokezi, nilimwona akiletwa tena, ameshikwa mkono na mwanawe Bryson, na kuanzia hapo sikuona vizuri kitu kingine chochote. Mnisamehe. Tulipopanga tarehe ya harusi yetu, Mama akaja kudai grisi ya pili. Kwao mama wa bwana harusi humpokea mkwe mlangoni kwa kucheza, na yeye aliapa kwamba kama ni kubebwa kama gunia la mpunga, atabaki chumbani na harusi iendelee bila yeye. Bryson alikosa usingizi. Mimi nililia chooni. Harusi gani hiyo, mama amejifungia?

Mama Jovina alimkalisha kwenye kigoda, akamuuliza grisi ya kwanza ilimfaa vipi. Jibu mnalijua.

“Ndaga nimeisikia, Mama Bryson,” alisema. “Sasa simama.”

Mama Tulinagwe alijaribu, akajaribu tena, akabaki ameshikilia meza. Kisha akacheka, machozi yanamtoka. “Daktari alihangaika na mimi vizuri mno. Ningemwambiaje bado linauma?”

Mama Jovina hakumsema vibaya daktari wala sindano. Alimweleza kwamba wapo wanaopata nafuu ya miezi kadhaa, lakini utafiti mwingi umeonyesha kwamba kwa walio wengi tofauti yake na sindano ya maji ya chumvi ni ndogo, na kwamba ute huo hauoteshi upya gegedu, ile tishu laini inayokinga mifupa ya goti, ikishakwisha. Kama ya kwanza haikumwinua, hakuona sababu ya kumwahidi ya pili. Goti si ekseli ya baiskeli, akamwambia, linashikiliwa na nyama za paja, na nyama hizo haziimarishwi na mtu mwingine.

Mama alinuna njia nzima. Siku ya mazoezi akafika wa kwanza.

Akaanza na kiti kirefu, akaja kwenye benchi, kisha kigoda chenye mto wa sufu, mwishowe kigoda kitupu. Goti halikuwa jipya, na bado linamsumbua akitembea mwendo mrefu. Lakini siku ya harusi, nilipofika mlangoni na shela yangu, Mama Tulinagwe alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya watu wote. Bryson alinyoosha mkono amsaidie, akausukuma kando. Akainuka mwenyewe. Akacheza mpaka kwangu, polepole, na mimi nikaharibu vipodozi vyote.

Mama Jovina, kwa niaba ya watumishi wenzako tunakushukuru kwa kutwambia ukweli bila kutuvunja moyo. Tunakuombea afya, mapumziko matamu, na ndizi nzuri karibu kama zetu. Kigoda chako kinabaki kazini. Siku ya kukuaga utakabidhiwa kipya, na atakayekubebea ni Mama Tulinagwe, kwa miguu yake, kutoka mlangoni hadi mezani kwako. Tutakapokwambia ndaga fijo, safari hii usitukalishe. Tuamini tu.