Kofia Iliyobaki Kwenye Shuka la Pudentienne

Jumanne, tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, mwaka elfu mbili na ishirini na nne, saa tisa mchana. Shikeni siku hiyo, wasikilizaji wapendwa. Ndiyo siku waliwasha moto nyuma ya nyumba yangu hapa Kimanga. Ndiyo siku mke wangu alitundika shuka jeupe kwenye kamba. Ijumaa alikufa. Jumamosi nilimzika.

Mimi ni Sévère. Kila wiki mnaniletea karatasi za marehemu wenu, nasoma, natoa pole. Leo hakuna aliyeniletea karatasi. Leo namkumbuka Pudentienne, mke wangu. Karatasi moja tu juu yake ipo, na waliiandika wao. Tutaifikia.

Pudentienne alizaliwa Makobola, kwenye nyumba ya kukausha mikeke, samaki wa ziwa letu. Mdogo wake, Délice, amekaa hapa mbele yangu. Nimemuuliza dada yake alikuwa mtoto wa namna gani.

"Alikuwa analala chini karibu na moto, anaangalia juu," anasema Délice. "Mama anamuita, haitiki. Mama anauliza, weye unaangalia nini kule? Anajibu, naangalia vile moshi iko inapanda."

Tulipooana alikuja Kimanga na mbabula yake, jiko la makaa, akaendelea kukausha samaki. Baadaye Délice akampa telefone yake ya zamani, kioo kimepasuka kona. Wengine wangepiga foto za watu. Yeye akapiga foto za moshi.

Nitawaeleza alivyofanya, maana kesi yote iko humo. Anafunga madirisha, upepo usiingie. Ukutani anatundika kikwembe cheusi, kile alichovaa kwenye matanga ya mama yake. Mezani anaweka kaa la moto kwenye kisahani, na ubani kidogo juu yake. Tochi anaiingiza ndani ya kopo la nyanya lililotobolewa tundu, anaiweka pembeni, mwanga upige moshi tu, usiguse kikwembe. Telefone anaiegemeza kwenye tofali. Halafu ananiambia neno moja.

"Usipumue."

Ukipumua, moshi unavunjika. Siku moja nilipiga chafya.

"Papa Sévère, hiyo pua yako inanichukia."

"Minye ni muntu, si ukuta."

"Basi jifunze ukuta."

Tulikuwa tunakaa hivyo, watu wazima wawili, tumebana pumzi kwa ajili ya ubani. Foto zilitoka za ajabu. Moja ni kama mama anamfunga mtoto mgongoni. Nyingine ni kama nyavu inarushwa. Jirani yetu Fanny aliziona akacheka: "Wenzako wanapiga foto za bibi arusi, weye unapiga moshi?" Pudentienne akamjibu: "Bibi arusi ataniambia nimfiche tumbo. Moshi haiombi kitu."

Sasa nyuma ya ua wetu wa matete, upande wa mlima, kuna depo, ghala la vitu chakavu. Walikuwa wanachoma matairi na nyaya za umeme humo, watoe shaba. Moshi mweusi, mzito, unaingia mpaka kwenye sufuria. Mke wangu akaanza kukohoa. Mwezi wa pili alipiga foto za moshi ule, na nikamsindikiza kwenye biro, ofisi ya mkubwa anayehusika na usafi wa mtaa. Ndiye mwenye kusema moto uwashwe au uzimwe. Alikuwa amekaa, anajipepea kwa kofia yake. Akaangalia telefone. Akacheka.

"Mama, moshi iko wapi? Minye naona giza tu."

Na kweli lilikuwa giza tu. Mke wangu alikuwa amepiga kama alivyozoea, na kikwembe cheusi nyuma. Tulipofika nyumbani akakaa juu ya ndoo, akasema: "Ule mukubwa iko na haki. Nimekosea kitambaa."

Sikilizeni vizuri. Moshi wa ubani na moshi wa samaki ni mweupe, unaonekana kwenye kitambaa cheusi. Moshi wa tairi ni mweusi, unaonekana kwenye kitambaa cheupe. Narudia. Samaki, kitambaa cheusi. Tairi, kitambaa cheupe.

Tarehe kumi na mbili moto ukawashwa tena. Pudentienne akatoa kwenye sanduku shuka letu jeupe la harusi, akalitundika karibu na ua. Mimi nilikuwa hapa hapa redioni, nawasomea nyinyi pole za wengine. Délice ndiye aliyekuwa naye.

"Nilimuambia, yaya, dada yangu, ingia ndani," anasema Délice. "Akasema, bado kidogo, sasa inaonekana. Anabana pumzi, anapiga. Anakohoa. Anabana tena. Nilimuvuta mukono, akanisukuma."

Alipiga foto thelathini na moja. Ile ya mwisho ndiyo ninayoishi nayo. Saa ile ya mchana jua linapiga kutoka upande wa mlima, nyuma ya shuka. Mtu alikuja kwenye ua akasimama katikati ya jua na shuka. Kivuli chake kikaanguka juu ya kitambaa. Foto inaonyesha moshi mweusi. Inaonyesha mkono umeshika bidoni, dumu la mafuta. Inaonyesha kofia pana, upande mmoja umekunjwa juu.

Tulipomkimbiza hospitalini, muuguzi alimwambia: "Mama, pumua." Mke wangu akanitafuta kwa macho. "Unasikia, Sévère," akasema. "Leo ndio wananiomba nipumue." Alitaka kucheka, kifua kikakataa. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana.

Baada ya wiki mbili walikuja watu watatu na yule mkubwa mbele yao. Waliona mbabula. Waliona chanja ya mikeke. Nyuma ya ua hawakuchungulia. Wakaandika karatasi, na mhuri juu: marehemu amekufa kwa moshi wa samaki wake mwenyewe.

Samaki wake mwenyewe. Yaani alijiua, na mimi nilikula kitoweo kilichomuua.

Basi mimi na Délice tukawasha mbabula mahali pale pale. Tukakausha mikeke. Tukapiga foto mbele ya kikwembe cheusi: moshi umejaa. Mbele ya shuka jeupe: huoni karibu kitu. Nikazipeleka biro pamoja na zile za Pudentienne. Nikamwonyesha mkubwa kwamba moshi wa kwenye shuka si wa samaki.

Akaniuliza: "Papa, weye umesoma wapi mambo ya moshi?"

Mimi niliishia mwaka wa nne wa primeri, na yeye anajua. Nikamwambia: "Nimesoma kwa mke wangu."

Alinirudishia ile foto ya mwisho polepole. Kidole gumba chake kilikuwa kimefunika kofia.

Nikaichapisha kubwa, nikaibandika kwenye ukuta wangu, upande wa barabara anayopita kwenda misa. Ikachanwa. Nikabandika nyingine. Imechanwa mara saba, iko pale hata leo. Na tangu wakati huo yule mkubwa anatembea kichwa wazi, jua kali, upara unang'aa. Nakaa mlangoni namwangalia. Nafurahi. Padri aliniomba nisamehe; nimemwambia karatasi ile ya mhuri ichanwe kwanza, halafu arudi aniombe. Sitaki kingine. Ichanwe, iandikwe upya kwamba Pudentienne hakujiua.

Pole kwa Délice. Pole kwa ukoo wote kule Makobola. Pole kwa kila nyumba inayokula majivu ya depo ile. Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tundikeni kitu cheupe uani kwenu, muone mnavuta nini. Na nyinyi wenye mihuri, mnanisikia, redio ziko hata kwenye biro zenu. Jina la mtu sijalitaja. Nauliza juu ya nguo tu, nimeuliza mwaka mzima, na nitauliza kila wiki mpaka waninyang'anye mikro.

Ile kofia kwenye shuka la mke wangu, ni ya nani?