Neno la Kwenye Benchi la Walt

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate, Mtaa wa Chapel, katika mji wa viwanda vya nguo ambavyo vyote vimeshafungwa. Shule niliikimbia nikiwa na miaka kumi na mitano, lakini kwa mdomo hapa hakuna wa kunishinda, waulize. Jumanne ile tulikuwa watatu: mimi, Profesa Stan, dereva wa basi mstaafu anayejaza fumbo la maneno kila asubuhi, na Norman Kijiko, anayekoroga chai hata kikombe kikiwa kitupu. Nafasi ya nne ilikuwa wazi. Walt tulimzika Ijumaa. Mjane wake, Doreen, alituomba neno moja la kuchongwa kwenye kibati cha shaba kitakachopigiliwa hapa alipokuwa akikaa. Mchongaji anafunga saa sita mchana.

— "Mshinda-mkate," nikasema. Mtu anayelisha nyumba. Limekwisha hilo, niagizieni pai.

— Funga bakuli lako, dogo, akasema Norman. Kiwanda kilipofungwa, Doreen ndiye aliyedeki ofisi za watu miaka ishirini. Walt alishinda mkate gani?

— Mkate haumo ndani ya neno hilo, Kijiko! Wala ushindi haumo! Profesa alifoka. Maneno mawili yakiunganishwa ni kama watu waliooana. Yanazaa kitu ambacho hakuna hata moja lililokuwa nacho.

— Basi "farasi-kazi," nikasema. Mtu asiyechoka kubeba.

— Na ule mgongo wake mbovu? akauliza Norman.

— "Jiwe-la-pembeni," nikasema. Linaloshika nyumba.

— Wewe unajua nini kuhusu nyumba? akasema Profesa. Bado mama anakufulia soksi.

— "Moyo-dhahabu," akasema Norman, kwa sauti ya chini.

— Huyo aliyeniuzia baiskeli isiyo na breki? nikauliza.

Tulicheka. Kisha tukajikuta tunatazama pale palipo wazi.

Profesa akapandisha mori:

— Nawaambieni, maneno yaliyooana hayatenganishwi hata kwa shoka! Nchi hii nzima imesimama juu yake. Siku yakiachana, hata bunge litaanguka!

Hatukumwona Doreen akitoka dukani. Alikuwa amesimama nyuma yetu, mkate mdogo mkononi, ule wa mtu mmoja.

— Stan, akasema, na moja likiondoka, hili lililobaki linakuwa na maana gani?

Kijiko cha Norman kikasimama. Profesa akafunua gazeti, akalikunja tena.

— Waambie wachonge jina lake tu, Doreen akaniambia. Upande wa kushoto. Kulia waache nafasi.

Ilikuwa saa sita kasorobo. Nilikimbia njia nzima.