Bwana Tarehe na Nakala ya Mia Tatu

Kabla ya kutaja siku aliyozaliwa marehemu, familia inapenda kunyoosha jambo moja, kwa kuwa limezungumzwa sana sokoni na kwenye kiti cha kinyozi, na huenda limefika hata hapa makaburini. Ni kweli kwamba kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa kumi alasiri, marehemu alionekana akiingia nyumbani kwa mshonaji wa Barabara ya Stesheni, mkoba begani. Ni kweli pia kwamba alifanya hivyo kwa karibu miaka sita. Yaliyotiwa chumvi juu ya hapo si kweli. Mkewe aliijua siku, aliijua saa, na alijua kilichokuwamo mkobani: kalamu ya wino mweusi, rula na karatasi ya kukaushia wino.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Aprili 1947, mtoto wa pili wa mkata tiketi, katika nyumba ya tatu nyuma ya stesheni. Mama yake alizoea kusimulia kwamba alizaliwa treni ya asubuhi ikiingia. Alipokuwa kijana aliitafuta ratiba ya mwaka ule, akarudi nayo nyumbani. "Mama, siku za Jumatano hakukuwa na treni ya asubuhi." Mama hakuacha kupepeta. "Basi ilikuwa ya mchana. Kwani wewe ulikuwepo?"

Alisoma shule ya msingi ya mjini kuanzia 1955 hadi 1961, akamaliza sekondari ya bweni mwaka 1965, kisha akapata cheti cha utunzaji wa kumbukumbu mwaka 1967. Januari 1968 aliajiriwa kuwa karani wa masjala ya manispaa, akakaa kwenye meza ileile, chini ya dirisha lisilofunguka, hadi alipostaafu mwaka 2002. Hakuna faili lililopotea mikononi mwake. Jina la Bwana Tarehe alipewa na wenzake wa ofisini, maana ukimwambia mtu fulani amefariki, pole yake ilitanguliwa na swali: "Lini hasa?"

Mwaka 1975 alifika shuleni alikokuwa akifundisha aliyekuja kuwa mkewe, akamwuliza jengo lile lilijengwa mwaka gani. Mwalimu alimjibu kwamba mwaka umechongwa juu ya mlango alioupita. "Ungeinua macho tu, bwana."

"Ningeinua macho," alisema, "ningekosa sababu ya kuingia."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1976.

Baada ya kustaafu aliandika kitabu cha watu mashuhuri wa mji huu na majengo yake. Alimweka mkunga wa kwanza, alimweka mpiga kengele wa shule, alimweka hata dereva wa gari la zimamoto ambalo miaka minne halikuwa na maji. Nakala mia tatu zilichapwa mwaka 2011, na kila aliyechukua nakala aliandikwa kwenye daftari. Katika ukurasa wa arobaini na moja aliandika kwamba tangi kubwa la maji, lile linaloonekana kutoka kila uchochoro, lilijengwa na fundi ambaye jina lake limeandikwa kwa kidole kwenye saruji ya msingi wake, pamoja na mwaka 1943.

Mwishoni mwa 2012 manispaa ilisafisha stoo yake, akaitwa kutambua makaratasi. Humo aliikuta michoro ya tangi. Lilijengwa mwaka 1934, na fundi mwingine kabisa. Mwenye jina lile alikuwa kibarua aliyeziba ufa miaka tisa baadaye, akaandika jina lake saruji ikiwa bado mbichi. Bwana Tarehe alisoma kiraka akadhani ni jengo zima.

Marehemu hakula vizuri wiki nzima. Kisha alichukua daftari lake, akaanza kupita nyumba kwa nyumba akirekebisha ukurasa ule kwa mkono. Kinyozi alimcheka: "Mzee, acha bwana! Nani anasoma ukurasa wa arobaini na moja?"

"Wewe," alimjibu, "kabla wateja hawajaja. Lete kitabu."

Kufikia Oktoba 2013 nakala mia mbili tisini na tisa zilikuwa zimerekebishwa. Iliyobaki ilikuwa ya mshonaji, na yule kibarua alikuwa baba yake. Mke wa marehemu aliandamana naye safari moja, na aliyoyasikia aliyasikia kwa masikio yake.

"Karibu, dada. Karibu, Mzee. Kitabu mtakiona, ila kalamu iacheni mlangoni."

"Mama, ni mstari mmoja tu."

"Baba hakuacha nyumba, Mzee. Hata picha hakuacha. Huo mstari ndio alioacha. Rudi mwezi ujao."

Akarudi mwezi uliofuata, na uliofuata tena. Hakuwahi kumlazimisha. Alisema kitabu ni chake lakini nakala ni ya mwenye nyumba.

Machi 2019 moyo wake ulianza kudhoofika. Alhamisi ya kwanza ya Mei alitembea hadi Barabara ya Stesheni akipumzika mara tatu njiani. Aliporudi, mkewe alimwuliza, "Umerekebisha?"

Alivua viatu kwanza, taratibu. "Nimekunywa chai," alisema. "Chai nzuri."

Alilazwa tarehe 27 Mei, akafariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2019, saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa hiyo aliiandika mkewe, kwa kuwa alijua angeulizwa na nani kama angekuwepo.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo wake anayesoma maneno haya. Mshonaji ameketi safu ya pili pamoja na familia, kwa mwaliko wa mjane. Asisogezwe.

Wapo wanaongoja kusikia kama nakala ya mia tatu ilirekebishwa, au kama Bwana Tarehe ameondoka akiacha kosa nyuma yake. Jibu la familia ni kwamba alikunywa chai. Hatutaongeza neno.

Apumzike, na aachwe apumzike.