Kutumika Si Kazi

Kona yetu iko Shituru, mjini Likasi, pale barabara ya kiwanda inapokutana na njia ya sokoni. Ina mbabula ya makaa ya mama Kadidja, birika lake jeusi la kahawa, na benchi moja la shule, mbao nzito, lenye meza yake mbele na tundu la wino ambalo sisi tunalijaza majivu ya sigara. Tangu kiwanda kianze kusinzia, alasiri zetu zinaishia hapo. Floribert, aliyefanya kazi kiwandani mpaka wakamwambia akapumzike nyumbani, tunamwita Sirène, kwa sababu bado anaamka saa ya king'ora ingawa king'ora chenyewe kimenyamaza. Ramazani, dereva wa lori la kwenda Kasumbalesa, mpakani, ni Kilomètre. Michel, fundi umeme aliyewahi kutumwa Koni, kwenye bwawa linalotupa umeme, ni Ampère, na hakuna jambo duniani asiloweza kulieleza kwa waya. Mimi wananiita Témoin, shahidi, maana naona yote na sisemi kitu. Jina hilo silipendi.

Jumapili ile kulikuwa na jambo zito. Germaine, binti wa Sirène, alikuwa amerudi kutoka Lubumbashi na diploma ya kufundisha hisabati. Mkuu wa shule ya sekondari, préfet kama tunavyosema, alimtaka aanze kesho yake asubuhi. Darasa la tano na la sita hayakuwa yamemwona mwalimu wa hesabu kwa miaka miwili. Mshahara wa serikali ulikuwa hadithi tu. Asubuhi hiyohiyo lori la Kilomètre lingeondoka kwenda mpakani kuchukua unga, na Germaine alikuwa amewekewa nafasi mbele, karibu na dereva, aanze biashara. Alipaswa kuchagua kabla ya kulala.

Sirène: Minye ninasema mara moja tu. Kazi njo kintu yenye iko na posho. Wakati yetu ulikuwa unapata bunga, nyumba, lopitalo, batoto banasoma ku masomo ya kompani. Ile njo kazi. Hii yenye préfet anapana mutoto yangu, ni kutumika. Hata punda anatumikaka.

Kilomètre: Punda anakulaka, Papa Sirène. Prof wa Likasi, hapana.

Tulicheka, ila Sirène hakucheka. Kwetu hapa maneno hayo mawili hayachanganywi. Kazi ni kwenda kwa mwajiri, na kurudi mwisho wa mwezi umebeba. Kutumika ni kutoka jasho tu, uwe na mwajiri au usiwe naye.

Ampère: Munye munadanganya bure. Shida iko mu courant. Akili inatokea Kinshasa, sawa vile moto inatokea Koni. Kila poteau ya waya inakula kidogo. Mpaka ifike Likasi, inabakia ya kuwasha ampoule moja. Kwa ile njo prof anasimama mbele ya batoto, anafungula kinywa, kintu haitoke.

Kilomètre: Na Germaine? Yeye iko na moto mingi mu kichwa.

Ampère: Yeye iko na jenereta yake, groupe électrogène.

Kilomètre: Ni bongo, unadanganya. Sikiya minye. Machine ikikufa, muji yote inajua, juu makelele inakatika. Mwalimu akikufa na njaa, nani anasikia? Bangeweka sirène yulu ya kila prof. Siku hafundishe, inalia, bakubwa ba Kinshasa bashindwe kulala.

Sirène: Mambo ya sirène unaiacha!

Kilomètre: Pardon, papa.

Ampère: Muache! Bila hesabu, mu mwaka elfu mbili yenye inakuja, batoto ba Likasi batahesabu mpaka tano, kisha banasema "mingi". Una batoto ngapi? Mingi. Saa ngapi? Mingi. Train itafika siku gani?

Hapo akajikatiza mwenyewe, akakohoa.

Mama Kadidja: Kwa kahawa yangu munahesabu vile tangu zamani.

Germaine akatokea, bado na Biblia yake mkononi, ametoka ibadani. Alitusalimu wote kwa heshima, mmoja mmoja, kisha akasimama mbele ya baba yake. Tukajifanya tunaangalia barabara.

Germaine: Papa, kaka Ramazani anangojea jibu. Na préfet anangojea.

Sirène: Weye unajua jibu yangu.

Germaine: Ninajua. Lakini juu ya nini?

Sirène akazungusha kikombe chake. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

Sirène: Ninaogopa, mwanangu. Nimeona baprof banauza mandazi mbele ya mulango ya masomo. Banafunzi bao njo bananunua. Ninaogopa kukuona na viatu vimetoboka mbele ya batoto benye banajua hukukula. Minye nilikuwa na kazi. Ninataka weye upate kazi.

Sikuwa nimewahi kumsikia Sirène akisema neno lile, naogopa. Mtu aliyekaa miaka karibu na asidi ya kiwanda! Nilimhurumia, na nilimwona ana haki.

Ndipo akafika Moustapha, shemeji yake mama Kadidja, mgeni wa juma moja, ametoka Kasongo kuja kufungua duka. Alitoa salamu, akapewa kikombe, akatafuta pa kukaa. Tukasogeleana, akabanwa pembeni. Akapapasa meza ile kwa kiganja, akachungulia tundu la wino, akatabasamu.

Moustapha: Mbona hii ni banc ya masomo, bazee wangu! Ni ya nani?

Swali rahisi kabisa. Mtoto angelijibu.

Ampère: Ni ya... ni ya mutaa, ya quartier.

Moustapha: Ah. Quartier ilinunua?

Kilomètre akawa na kitu cha kuangalia ndani ya kikombe. Sirène akanitazama mimi, shahidi. Nami nikafanya kama jina langu.

Benchi lilikuwa la Prof Sinus. Wanafunzi ndio walimpa jina hilo, na alilipenda. Aliishi nyumba ile nyuma yetu, yenye mlango wa buluu, ambayo sasa ina watu wengine. Baada ya saa za shule alilitoa benchi hapa konani, akawafundisha watoto wa mtaa bure mpaka giza liingie. Kisha yakaja mambo ya treni. Ukoo wake ulikuwa wa Kasai, mkoa mwingine, ingawa yeye alizaliwa hapahapa Likasi, na watu wa Kasai wakaambiwa na wakubwa wa mkoa wetu warudi kwao. Kwao, mahali ambapo macho yake hayakuwahi kupaona! Walilala stesheni, maelfu yao, na watoto na masufuria, wakingoja mabehewa. Yeye alienda na mke na watoto. Benchi likabaki. Siku moja mtu akalikalia, kesho yake wakawa wawili. Alasiri nzima tulikuwa tumesema posho, courant na king'ora, na hakuna aliyesema kwamba shule haina hesabu kwa sababu mji wetu uliipandisha treni. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Mama Kadidja akainamisha birika juu ya kikombe cha Moustapha. Halikutoa hata tone.

Mama Kadidja: Kahawa imeisha.

Germaine: Banc iko ya Prof Sinus, kaka Moustapha. Minye nilikuwa nakaa pale ku mwisho, penye papa anakaa. Cosinus niliijulia pale.

Sirène: Germaine.

Germaine: Balimupandisha train, papa. Ile nafasi yenye préfet ananipana, haikutoboka yenyewe.

Akagonga meza ya benchi kwa kidole.

Germaine: Asubui alikuwa anaenda ku kazi, hata kama banasahau kumulipa. Magaribi alikuwa anatumika hapa. Posho ya hapa nani alimupana? Weye ulimupana, papa? Minye sijasema ni kazi. Ninajua haiko kazi.

Akaweka Biblia kwapani, akashika ukingo wa meza.

Germaine: Mu classe ya tano banakaa chini. Ninaomba musimame.

Moustapha ndiye aliyetangulia, maskini, hakuwa na hatia yoyote. Kisha Ampère, kisha Kilomètre. Mimi nikasimama. Sirène akabaki peke yake pale mwisho, mkubwa, mikono magotini. Tulidhani atamfokea. Badala yake aliingiza kidole katika tundu la wino, akaanza kutoa majivu, kidogo kidogo, akiyapangusa kwenye suruali yake ya Jumapili. Alipomaliza akapuliza ndani ya tundu, naye akasimama.

Asubuhi lori la Kilomètre lilitukuta njiani. Karibu na dereva hapakuwa na mtu. Germaine alikuwa mbele, amevaa viatu vyake vizuri. Nyuma yake benchi, Sirène mwisho mmoja, mimi mwisho mwingine, na uzito wake bado naukumbuka mabegani. Kilomètre akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

— Papa Sirène! Bamekurudisha ku kazi?

— Hapana, akasema Sirène, bila kusimama. Ninaenda kutumika.