Walipomuuliza Shetani Jina, Nikajibu Mimi

Sifa zote ni za Mungu aliyenirudisha kwangu, ndugu zangu! Assalaam aleikum, Waislamu wenzangu. Nanyi Wakristo mlionipa godoro nikiwa sina pa kulala, Bwana awabariki!

Mimi ni Hamisi Athumani, mtu wa Pangani. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu ya miguu yangu. Nikiona barabara nataka kujua inaishia wapi. Nilipita Malawi, nikapita Msumbiji, nikichimba misingi na kuuza mayai ya kuchemsha, na miaka ya tisini ikielekea mwisho barabara ikaniishia Durban.

Nilikuta misikiti mizuri, ya Wahindi ambao babu zao walikuja zamani. Moyo wangu ulifurahi! Ijumaa ya kwanza nikaenda na nguo zangu za safari. Mzee mmoja mlangoni aliniona, na kabla sijatoa salamu akaniwekea sarafu mkononi. Ndugu zangu, alikusudia wema! Lakini mimi nilikuja kusali, na salamu yangu ilikuwa bado mdomoni. Nikageuka. Sikurudi tena, na kusali nikaacha.

Kazi nilipewa na Papa Kasongo, Mkongo wa Bukavu, kiongozi wa vijana waliolinda magari mbele ya mikahawa ya Morningside. Alikuwa na nafasi moja. Mmoja wa vijana wake hao, Pierre, alikuwa amegongwa na gari pale kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, akafa, akazikwa huku huku ugenini. Nilipofungua kinywa nitaje jina langu, Papa Kasongo alinyanyua mkono.

"Hapa utaitwa Pierre. Wenye magari hawapendi sura mpya."

Akanivalisha kizibao cha marehemu, jina limeandikwa mgongoni kwa kalamu nene. Akanipeleka kwenye fleti yake mtaa wa Umbilo, akanionyesha godoro la marehemu katika chumba kidogo kinachotazamana na bafu, mlangoni pazia tu. Mkewe, Mama Chantal, alikuwa akisuka wateja nywele sebuleni. Akanipakulia bukari, ugali wa kwao, na samaki.

"Hii nyumba ni ya Yesu," aliniambia. "Kula, mwanangu."

Wakaomba, nikasema amina. Hawakuniuliza dini yangu, nami nikanyamaza. Niliogopa kwamba wakijua nitarudi kulala kituo cha mabasi.

Jioni ya kwanza kazini mama mmoja wa kizungu alishusha kioo cha gari. "Habari, Pierre! Binti yako kule nyumbani hajambo?" Alinitazama usoni kabisa! Mimi mweusi zaidi ya Pierre, mrefu zaidi yake, na sina mtoto. Nikasikia sauti yangu ikijibu, "Hajambo, mama." Kila wiki aliuliza, kila wiki nikajibu. Ikafika siku nikaanza kumwona huyo binti kichwani, na gauni lake, na pengo la meno ya mbele. Jina langu sikulisikia kwa mtu yeyote. Nilikuwa ninatoweka, ndugu zangu, na nilikuwa ninakula na kunenepa!

Ndipo mambo yakaanza. Kwa kuwa kazi yetu ilikuwa ya jioni hadi usiku, mimi nililala mchana. Alasiri moja niliamka mikono imelowa hadi viwikoni. Miguu nayo imelowa. Paa halivuji, na nje jua linawaka. Kesho yake vilevile. Nywele za utosini zilikuwa na majimaji. Nilijiambia hili ni jini, limenifuata tangu Pangani.

Sikuwa peke yangu niliyeogopa. Mama Chantal alinivuta jikoni, uso umemshuka.

"Pierre, iko mtu chumbani mwako. Kila mchana anafungua maji, kisha anasemaka. Si Kifaransa, si Kiswahili. Sauti ya chini, kama mtu aliye ndani ya mtungi."

"Hamkuchungulia?"

"Nichungulie nione nini, weye? Wateja wawili wamekimbia na nywele nusu!"

Waliamini ni marehemu Pierre, amekasirika godoro lake limepewa mtu. Papa Kasongo akaita pasta na waombaji. Wakaamua kufanya maombi alasiri, saa yake hicho kitu, na mimi nilale kama kawaida ili kije. Nilijilaza nikilitazama pazia. Lakini mtu aliyekesha akilinda magari, usingizi humchukua hata kwa simba.

Nikaamka nimesimama.

Nilikuwa nimeelekea kona ya kabati, mikono imefungwa kifuani, maji yakinidondoka viwikoni. Mdomo wangu ulikuwa unasoma. Nawaambia kweli, sikuwa mimi niliyeusomesha! Ulikuwa unasoma sura ya Kurani niliyofundishwa chuoni nikiwa mtoto, taratibu, bila kukosea, na mimi nikasimama ndani yangu nikiusikiliza. Nyuma yangu wamejaa watu na Biblia zao. Kibla cha Durban sikuwahi kumuuliza mtu. Baadaye nilipopeleleza, nikakuta ni kona ile ile.

Pasta akaweka mkono kichwani pangu. Akauliza lile swali wanalowauliza mapepo.

"Jina lako nani?"

Mdomo ukanyamaza. Nikajibu mwenyewe.

"Hamisi. Hamisi bin Athumani, wa Pangani."

"Toka, Hamisi!" mwombaji mmoja akapiga kelele.

Nikainama nichukue mfuko wangu. Nilijua zamu yangu ya kulala nje imefika.

"Atoke aende wapi?" Mama Chantal akasema. "Nguo yake yote iko kwa maji ya kufua." Akanigeuza, akanitazama kama ndiyo kwanza naingia kwake. "Haiko shetani huyu. Ni Muislamu. Eish, na mimi nimekupikia bila kukujua!"

Watu wakacheka, ila Papa Kasongo. Yeye alikaa kwenye lile godoro akalia kwa sauti, mtu mzima yule, mara ya kwanza tangu amzike Pierre. "Nilikuita jina lake," aliniambia, "ili asiwe amekufa." Pasta akaacha mapepo, akamwombea marehemu na binti yake, nami nikaitikia amina nikiwa na akili zangu zote.

Namshukuru Mungu! Tangu alasiri ile naamka mikono mikavu, nikanawe mwenyewe, nisali mwenyewe, na Mama Chantal hupunguza redio. Na wewe uliyefika juzi katika mji huu, unayejificha ndani ya jina la mtu ili upate pa kulala, mtegemee Mungu, usimwogope jirani. Jitaje ukiwa macho, ndugu yangu. Usisubiri utajwe ukiwa usingizini!