Wasifu wa Mzee Sekunde

Kijiwe cha Maziwa kiko nyuma ya soko la Kotokuraba, mjini Cape Coast, penye ukuta uliobandikwa matangazo ya misiba mpaka rangi yake haijulikani. Pana benchi moja refu, ubao wa drafti, na birika la Maziwa mwenyewe, muuza kahawa aliyepewa jina hilo kwa sababu ya kitu anachowabania wateja. Alhamisi ile drafti haikuchezwa. Mwenzao Ebo Kwansah, fundi saa waliyezoea kumwita Sekunde, alikuwa anazikwa Jumamosi, na kijitabu cha mazishi kilitakiwa kifike kiwanda cha uchapaji kabla ya saa sita mchana. Wasifu wa marehemu ulikuwa umeandikwa mara mbili. Mmoja ni wa Kamusi, mwalimu mstaafu aliyewaandikia wafu wa mtaa huo kwa miaka ishirini. Wa pili ni wa Araba, binti wa marehemu, aliyekuwa mwaka wa tatu chuoni akisomea fasihi ya Kiingereza na uandishi. Mkuu wa ukoo alikataa kuamua. Alisema pelekeni kijiweni, wale ndio waliokaa naye zaidi kuliko mkewe.

Basi Araba alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kitambaa chekundu cha msiba kichwani, mikono katikati ya magoti. Wasifu wa Kamusi alikuwa ameusoma mara tatu akimtafuta baba yake ndani yake, asimwone. Wazo la baba kuzikwa chini ya karatasi ile lilimuuma kuliko jeneza lenyewe. Lakini darasani kwao kulikuwa na sheria: kazi yako ikisomwa, wewe unafunga mdomo mpaka wenzako wamalize, maana msomaji hutakwenda naye nyumbani kumfafanulia. Akaamua kuishika sheria hiyo hata hapa.

— Soma wa mtoto kwanza, — aliamuru Sajenti. Alikuwa amestaafu polisi, sauti ndiyo haikustaafu.

Kamusi akavaa miwani, akawa anasoma Kiingereza na kuwatafsiria wenzake papo hapo.

— "Baba yangu alitengeneza saa na alichelewa kila mahali. Alichelewa kanisani. Alichelewa harusini kwake."

— Hapo hajadanganya, — alisema Maziwa.

— "Akila ugali wa kenki, alianza na kichwa cha samaki. Macho kwanza."

— Enhe?

— Enhe nini? Ndiyo imeishia hapo. Macho kwanza, nukta.

— Hicho ndicho Kiingereza cha chuo? — Sajenti alishangaa.

— Ndugu yangu, nimetafuta humu neno moja la kunitoa jasho, sijaliona. Mjukuu wangu wa darasa la nne anaisoma hii huku anatafuna.

Sajenti akamgeukia Araba.

— Binti, siku ile tunakusindikiza, baba yako alituambia unakwenda kukimaliza Kiingereza. Sasa mbona umerudi nacho kidogo kuliko ulichoondoka nacho?

Araba akauma ulimi.

— Labda ndiyo kazi yenyewe, — alisema Maziwa akimimina kahawa. — Labda huko wanasomea kupunguza. Mwaka wa kwanza unayajua maneno yote. Mwaka wa pili unayakata mafuta. Wa tatu umebaki na mfupa.

— Na wa nne?

— Wa nne unapeleka karatasi tupu, wanakupigia makofi, wanakuvika joho.

— Acha mzaha, wewe. Hii ni njama, — alisema Sajenti. — Nimekaa polisi miaka thelathini, njama naijua kwa harufu. Wenye Kiingereza chao wameona tunakimaliza. Si unawasikia wabunge wetu redioni? Basi yale maneno makubwa wameyafungia stoo huko kwao, watoto wetu wanaletewa madogomadogo, mitumba.

— Na hiyo stoo ina mlinzi?

— Ina mbwa!

— Nyote hamjui mnachosema, — alisema Kamusi polepole. — Mimi nimeuliza. Huko chuoni wanawasoma watu waliokufa. Karibu vitabu vyao vyote, aliyeandika ni marehemu. Unakaa na marehemu miaka mitatu, asubuhi mpaka jioni, unadhani utatoka hivihivi? Sikilizeni alivyoandika hapa, halafu mniambie kama hajazungumza na baba yake jana.

Maziwa akaweka birika chini. Hata Araba alisogea kidogo, akitaka kujua wataishia wapi.

— "Akiona anashindwa drafti, alipiga chafya kubwa. Chafya ikipita, kete zilikuwa zimehama."

Sajenti akasimama, akakaa, akasimama tena.

— Ile chafya!

— Kaa chini, mzee.

— Nikae nini! Miaka kumi na moja ananifunga huyu! Na kila akipiga chafya mimi namwambia pole! Nilimletea mpaka dawa ya mafua!

Maziwa alicheka hadi akashika ukuta. Araba naye kicheko kilimpanda, akakimeza, kikatokea machoni kuwa machozi. Hakuyafuta.

— Haichapwi hiyo, — Sajenti alisema. — Mtu mzima hapelekwi kaburini na chafya. Tulimpenda yule. Apewe maneno mazito, watu wajue tumempoteza mtu. Kamusi, soma wako.

Kamusi akajisafisha koo, akasoma amesimama. Marehemu alikuwa nguzo isiyotikisika, baba mwenye upendo usiopimika, mcha Mungu, mpenda amani, taa ya jamii iliyozimwa kikatili na mkono wa mauti. Aliwalea wote bila ubaguzi na pengo lake halitazibika. Maneno yalikuwa yanashuka kama mawe kutoka lorini, na Sajenti alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

— Sasa hicho ndicho kifo, — alisema.

Hapo akafika Mansa, mwanamke wa kiwandani anayepanga herufi za vijitabu vyote vya mazishi vya mtaa ule, wino haumtoki vidoleni.

— Shikamooni wazee. Poleni na msiba. Nipeni wasifu, mashine inanisubiri.

— Marahaba. Iko miwili, chagua mwenyewe, wewe ni mtu wa kazi, — alisema Kamusi, akiwa na uhakika.

Mansa akasoma wa Araba amesimama palepale juani. Alipofika kwenye chafya alicheka kwa pua, akaomba radhi, akaendelea mpaka mwisho. Kisha akashika wa Kamusi. Alisoma mistari miwili, akaanza kuimalizia bila kuitazama.

— "...taa ya jamii iliyozimwa kikatili." Huyu namjua. Huyu anakufa kila Jumamosi. Yule wa kwanza sikuwahi kukutana naye, lakini angepita hapa ningemtambua. — Akainua karatasi ya Kamusi. Hakuwa na nia ya kumkebehi mtu, alitaka kujua tu. — Huyu wa pili ni nani?

Maziwa aliinamia birika lake. Kamusi alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena, na Araba akamwonea huruma kweli, maana ilikuwa kazi ya miaka ishirini ile.

Sajenti ndiye aliyesema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

— Kamusi, mpe mtoto kalamu.

Kamusi akampa.

— Andika. Mke wangu alipofariki, watu walikuja kunipa maneno. Mengi, na mazuri, sikumbuki hata moja. Sekunde alikuja akakaa na mimi siku nane. Hakusema kitu. Alikuwa anamenya machungwa tu, ananipa.

Araba aliandika chini ya wasifu wake. Alipofika kwenye machungwa akainua uso.

— Niseme alikufariji, mzee?

— Nani kakwambia alinifariji? Sema alimenya machungwa.